Nilikuwa na magunia matano, watoto wakalala na karanga

Jumatatu usiku niliingiwa na ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Makambako. Kaandika hivi: "Dada, nimesoma makala yako ya Julai, ile uliyosema kila mama anunue magunia matano mahindi yakiwa bei ya chini. Mimi nimepanga chumba kimoja. Nina watoto wawili, kitanda na jiko la mkaa mlangoni. Hayo magunia nilalie?"

Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Ile makala ya Julai niliiandika kwa kujisifu, na kuna sehemu niliiruka makusudi kwa aibu. Mdogo wangu wa Makambako, leo naiandika kwa ajili yako.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtoto wa Tukuyu, nimeolewa Uyole, Mbeya, nashona sare za shule na kuziuza soko la Mwanjelwa. Nimekulia kwa bibi ambaye hakuwahi kununua mahindi hata siku moja. Ya kwake yalining'inia juu ya mafiga, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Mdudu gani angeusogelea moshi ule? Sisi tumejenga nyumba za bati na dari, tunapikia mkaa nje, halafu tunashangaa mahindi yanaoza.

Mwaka wa kwanza niliponunua magunia yangu matano niliyapanga kwenye kona ya stoo, juu ya sementi, kwenye viroba vya kawaida. Mwezi wa kumi na mbili nikaanza kusikia kitu usiku. Kru, kru, kru. Nikadhani panya. Nilipofungua gunia la juu, mkono ukazama kwenye vumbi jeupe kama unga wa ngano, na punje zilizobaki zilikuwa nyepesi, zimetobolewa kama vichungio vya chai. Dumuzi. Wazee wengine wanamwita Skania, na ukiona kazi yake hutauliza kwa nini kapewa jina la lori. Gunia la chini kabisa lilikuwa limenyonya unyevu wa sakafu, limeota ukungu wa kijani. Lile nililimwaga shimoni, hata kuku sikuwapa. Watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika.

Mwaka uliofuata nikajifunza. Nilianika mahindi mpaka yakakauka kweli, na nikayapima kwa chumvi: unachukua chupa kavu, unatia mahindi na chumvi kavu, unatikisa, unaacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Nikanunua mifuko ya PICS, ile ya matabaka matatu, mawili ya nailoni ndani na kiroba nje. Unafunga kila tabaka peke yake, unakamua hewa, unanyonga shingo, unakunja, unafunga kamba. Wadudu waliobaki ndani wanamaliza hewa wenyewe na kufa. Nikaipanga juu ya chaga, mbali na ukuta, na nikakataza mtu yeyote kuichungulia. Mwezi wa pili punje zilikuwa zinang'aa kama nimezitoa shambani jana.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la ukoo. Wifi yangu mmoja (anajijua) akajibu: "Kuna watu wamefungua ghala la taifa sebuleni." Akaweka vile vikatuni vya kucheka sita. Nilivihesabu. Wengine nao wakacheka. Sikujibu, ila moyoni nikasema subiri.

Mwezi huohuo wa pili, usiku mmoja, upepo ukaja na mvua ya kufunga macho. Nguzo ya umeme ikaanguka mtaani kwetu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu jana yake, bomba limechukuliwa na korongo. Asubuhi nilikuwa na furaha ya ajabu, jamani, naona haya kusema. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai nikajiambia: leo ndiyo siku yangu.

Unga uliokuwa jikoni ulikuwa kama sado moja. Ukaisha usiku ule. Kesho yake nikafungua mfuko mmoja, nikajaza ndoo, nikamtuma kijana mashineni. Akarudi na ndoo ileile. Mashine imefungwa, hakuna umeme. Kuna mwingine ana mashine ya dizeli, mbali kidogo, nikaenda mwenyewe. Ndoo zilikuwa zimepangwa mpaka barabarani, kila moja na jiwe au kanga juu yake kuonyesha ina mwenyewe. Nilikaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Dizeli ikamwishia kabla ya zamu yangu.

Nikasema sawa, makande. Ila mahindi ya makande nayo hukobolewa, na kwa kukoboa ni mashine ileile. Nikayachemsha hivyohivyo na maganda yake. Huku kwetu juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 tu, ndiyo maana dada yangu wa Dar anaivisha maharage kabla sijamaliza kuchochea jiko langu. Saa tatu zikapita, punje bado zinagonga meno. Na maji? Nilikuwa na madumu mawili. Moja nililinunua kwa mtu sokoni bila kuuliza lilibeba nini. Mwanangu wa mwisho alionja kikombe, akakitema: "Mama, yananuka taa." Mafuta ya taa. Ningeweza kukinga ya mvua, bati ninalo, lakini gata sina. Nikapanga diaba na sufuria chini ya michirizi kama mtu anayezoa maji kwenye jahazi, na ya kwanza yalitoka meusi kwa vumbi la bati.

Baridi ya usiku ule ikanishinda akili. Nikaliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha, nikawapa watoto karanga za kukaanga, tukalala. Sijui saa ngapi nilisikia mtoto wa kati anatapika. Kichwa changu kilikuwa kinagonga kama nyundo, miguu haina nguvu. Nilitambaa mpaka mlangoni nikaufungua. Hewa ya Uyole saa tisa usiku, mwezi wa pili, inauma kama kisu, na sijawahi kupenda kitu kama ile baridi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka haina harufu ya kukuonya. Kila mwaka kwenye baridi ya Juni na Julai tunasikia habari za familia zilizolala na jiko na hazikuamka, tunasema "masikini", tunaendelea. Jiko halilali ndani. Hata likiwa limebaki majivu yenye kaa tatu, halilali ndani.

Siku ya tatu wifi akaja. Yule yule. Amekuja kwa miguu kwenye matope kutoka Ilomba, na kwenye ndoo yake ana sembe, dagaa wa Kyela na chupa mbili za maji. Yeye nyumbani kwake ana kiroba cha kilo kumi cha unga, mtungi mdogo wa gesi na madumu manne. Basi. Akatazama stoo yangu, akatazama sufuria ya mahindi yaliyogoma, akasema taratibu, wala bila kucheka: "Magunia matano, wifi, na huna unga?" Watoto wangu walikula ugali wa wifi yangu. Ingekuwa heri angecheka.

Kwa hiyo mdogo wangu, achana na magunia. Hata ungekuwa na ghala ningekuambia hivyohivyo: akiba ya dharura ni kile unachoweza kukila leo usiku bila umeme, bila bomba na bila kutoka nje ya geti. Mahindi mazima ni akiba ya mwaka, ni kinga ya bei. Sisi wa nyanda za juu tunapenda kusema tunalisha nchi, Mbeya, Iringa, Rukwa, Ruvuma, lakini wangapi wanauza yote Agosti kwa ada ya shule na kuyanunua tena Februari kwa bei ya kulia? Hilo ni somo lake. Usilichanganye na hili kama nilivyochanganya mimi.

Anza na maji. Mtu mmoja kunywa na kupikia weka lita nne kwa siku. Wewe na watoto wawili ni lita kumi na mbili, siku tatu ni thelathini na sita. Hayo ni madumu mawili ya lita ishirini, yanaingia chini ya kitanda. Sisi tuko watano, dumu moja kwa siku. Ya kufulia na ya chooni hayamo humo. Nunua dumu jipya, au lililobeba mafuta ya kula na ukaliosha kwa sabuni na maji moto mpaka harufu iishe. Lililobeba mafuta ya taa au dawa ya shamba haliwi safi hata ulioshe na machozi. Funika vizuri, weka gizani, badilisha kila baada ya miezi michache; hayo ya zamani fulia. Ukitilia shaka, chemsha: yakitokota sawasawa dakika moja yanatosha kwa wengi wetu, ila nyinyi wa Makete na kule juu Kitulo mnaopita mita 2,000, dakika tatu. Mkaa ukiwa haba, kuna vidonge vya kutibu maji duka la dawa. Soma karatasi yake kidonge kimoja ni cha lita ngapi, usikisie.

Wenye bati lenu, wekeni gata. Mvua ya milimita moja kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 60 na mvua ya milimita 20, hata ukitoa yanayomwagika, unajaza simtanki ya lita elfu moja au karibu. Na mvua yetu haijui kukaa kimya kuanzia Novemba mpaka Aprili. Acha tu yale ya mwanzo yapite.

Unga uwe sembe. Najua, dona ni afya, na mimi ndiye niliyewahubiria hapa. Lakini dona ina kiini chenye mafuta, inachacha upesi. Ya kula kila wiki iwe dona, ya akiba iwe sembe, kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila ukinunua mpya ule wa zamani unatangulia. Mchele vilevile. Maharage, loweka usiku mzima kabla ya kupika, huokoa mkaa. Na usiweke ya miaka miwili, yanakuwa changarawe. Dagaa wakavu, chumvi, sukari, mafuta, majani ya chai. Karanga za kukaanga ndiyo, zilinisaidia, sizisemi vibaya. Chumvi na mafuta tusijidanganye: hivyo havilimwi Uyole. Lori likilala mlima Kitonga, njiani kutoka Dar, duka la mtaani linaanza kupandisha siku ya pili.

Kiberiti kwenye chupa yenye kifuniko. Tochi. Mkaa debe moja ndani pakavu, na jiko linawashwa nje, barazani, mlangoni, popote penye upepo. Nimeshasema. Nitasema tena.

Na kitu kimoja ambacho wifi hakuwa nacho wala mimi: begi la kubeba. Aprili 2024 tope liliposhuka kutoka mlimani hapa Itezi na kufukia nyumba, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kubeba kiroba. Sasa nyuma ya mlango wetu kuna begi la shule lililochakaa: chupa za maji, biskuti, karanga, tochi, nakala za vyeti vya kuzaliwa kwenye nailoni, dawa za mtoto na pesa kidogo. Wenye nyumba kwenye miteremko, msiniulize kama ni lazima.

Huna hela ya vyote mara moja, najua, hata mimi nilivinunua kwa miezi. Wiki hii nunua dumu moja. Wiki ijayo la pili. Baada ya hapo kilo mbili mbili za sembe kila ukienda sokoni, na utashangaa mwezi wa tatu ndoo imejaa. Usipige picha.

Mahindi yangu bado nanunua, matano kila Julai, kwenye mifuko ileile. Tofauti ni kwamba kila mwisho wa mwezi debe moja linakwenda mashineni umeme ukiwepo, hata kama unga haujaisha.

Wifi alinipigia juzi. Kaambiwa mahindi yamefika bei nzuri Mbalizi, anataka kununua magunia mawili, anauliza ile mifuko ya matabaka matatu niliipata duka gani. Nimemwelekeza. Nikamwambia pia asiiweke juu ya sementi, akanijibu, "Kwani mimi ni wewe?"