Nimenunua chini ya wastani, mbona chati inasema nimenunua juu?

SWALI: Habari mshauri. Jana nilinunua hisa 100 kwa bei ya 52. Kabla sijanunua niliona hiyo hisa imeuzwa mara tatu tu tangu soko lifunguliwe, kwa 50, halafu 53, halafu 56, nikapiga hesabu nikapata wastani 53, nikasema hapa nimeokota. Kumbe muda ule ule mstari wa wastani kwenye chati, ule ulioandikwa VWAP, ulikuwa 50.75! App inanidanganya au broka ndo kanipiga?

JIBU: Hajakupiga mtu, ni hesabu tu imekupiga chenga. Umejumlisha bei tatu ukagawa kwa tatu, yani umezipa zote uzito sawa, wakati kwenye picha uliyonitumia zinaonekana hisa 8,000 zimepita kwa 50, hisa 1,500 kwa 53, na hiyo 56 ni hisa 500 tu, pengine za mtu mmoja mwenye haraka zake. Sasa zidisha kila bei kwa hisa zake: 400,000, 79,500 na 28,000, jumla 507,500, gawa kwa hisa zote 10,000 unapata 50.75. Huo ndo wastani unaopimwa kwa kiasi kilichouzwa, na ndo maana ya VWAP.

Usishangae lakini ukikuta app mbili zinatofautiana kidogo, chati nyingi hazihesabu kila biashara moja moja, zinachukua bei ya juu, ya chini na ya kufungia ya kila kinara (kile kijiti kimoja cha chati kinachoonyesha bei za kipindi kifupi), zinazijumlisha na kugawa kwa tatu ndo zinazidisha na voliumu, yani kiasi kilichouzwa. Na wale wa forex, wanaonunua na kuuza fedha za kigeni (najua mpo), soko lenu halina sehemu moja inayorekodi kiasi chote kilichouzwa, mara nyingi hiyo voliumu mnayoiona ni idadi tu ya mara bei ilivyobadilika kwa broka wenu, kwa hiyo huo mstari msiuamini sana.

Kila siku soko likifunguliwa mstari unaanza upya, ya jana haimo. Ndo mana asubuhi unarukaruka, na kadiri siku inavyokwenda unakuwa mzito maana umeshabeba biashara nyingi. Wanaoutumia kwelikweli ni mifuko mikubwa ya uwekezaji, wanakata oda kubwa vipande vipande kutwa nzima, jioni wanamuuliza broka umetununulia juu au chini ya wastani.

Hapo ndo pana kamchezo ambako wengi hawakaoni. Hisa zako 100 zimeusogeza mstari kutoka 50.75 hadi 50.76, hakuna aliyestuka. Lakini tuseme baada yako anakuja mnunuzi mkubwa anabeba hisa 10,000 kwa 54, wastani unaruka hadi 52.37. Yeye amenunua 3.24 juu ya wastani aliokuta, ila kwenye ripoti itasomeka amepitiliza 1.63 tu, kwa sababu nusu ya huo wastani ni yeye mwenyewe! Na wewe wa 52, uliyekuwa unalia umeibiwa, ghafla umenunua chini ya wastani bila kufanya chochote.

Kwa hiyo mstari haukwambii hisa ni rahisi au ghali, unakwambia leo mzigo mwingi umepita kwenye bei gani hadi dakika hiyo. Kama hiyo hisa uliitaka kwa 52 na sababu zako bado zipo, 50.75 isikunyime usingizi, ila siku nyingine kabla hujabonyeza kununua angalia na ile safu ya kiasi pembeni ya bei.