Jibu: Je, 4294967297 ni namba tasa?
Salaam mkuu. Umeigawanya 4294967297 kwa namba tasa zote chini ya 100, kila mara kuna baki, ukakwama. Kwanza angalia umbo lake. Toa 1: unapata 2 kwa kipeo cha 32. Kwa sababu hiyo, kila kigawo tasa cha 4294967297 ukikigawanya kwa 128 kinabakiza 1. Basi 129 si tasa, iruke; 257 inakataa; 385 na 513 ruka; 641 inaingia! Ni 641 × 6700417. Mwanahisabati Fermat mwenyewe aliidhani tasa, mpaka mwenzake Euler alipoipasua mwaka 1732. Hiyo 6700417 ni tasa, mimi huihakiki kwa mkono: ijaribu kwa 257, 641, 769, 1153 na 1409 tu, maana ndizo tasa pekee zinazobakiza 1 kwa 128 hadi kwenye kipeuo chake cha pili. Kwa namba isiyo na umbo hili, sina njia ya mkato.