Bomba kuganda, kuvu ukutani, radieta baridi juu: jibu refu kwa anayeukabili msimu wa baridi kali

Mkuu, umeuliza matatu kwa mpigo: bomba la sinki la jikoni limegoma kutoa maji tangu usiku wa baridi kali, kona ya chumba cha kulala imeota madoa meusi nyuma ya kabati, na radieta (kile chuma cha ukutani kinachopitishwa maji moto ili kupasha chumba) inapata joto chini lakini juu ni baridi. Nitayajibu yote. Nitaongeza mawili ambayo hukuyauliza, la paa na la hewa ya sumu, kwa sababu la kwanza huangusha dari na la pili huua watu wakiwa usingizini.

Baridi peke yake haibomoi nyumba. Kinachobomoa ni maji yaliyofika pasipo pake: yamenaswa ndani ya bomba, yameelea hewani kama mvuke, au yamekwama juu ya paa. Kila tatizo la msimu huu jiulize maji yako wapi na joto linakosekana wapi. Ukishajua hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Tuanze na bomba maana hilo halingoji. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani barafu hulipasua bomba palepale ilipoganda, lakini mara nyingi sivyo. Barafu hujenga kizibo, kizibo kinakua na kuyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, presha inapanda, na bomba linafunguka mahali penye udhaifu, pengine mita nzima kutoka penye barafu. Ndiyo maana usiku wa baridi kali tunaacha koki idondoshe kidogo kidogo. Maji yanayotembea huchelewa kuganda, ni kweli, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba presha inapata pa kupumulia.

Kabla hujaanza kuyeyusha, ijue koki kuu ya nyumba iko wapi na uhakikishe inazunguka. Kama bomba limeshapasuka, kinachouziba ule ufa sasa hivi ni barafu yenyewe. Ikiyeyuka, maji yanamwagika ukutani. Kwa hiyo kama huwezi kuliona bomba lote kwa macho, funga koki kuu, yeyusha, halafu ifungue polepole huku mtu mwingine akiangalia chini ya sinki na kwenye dari ya chumba cha chini. Geti valvu (koki ya gurudumu inayozungushwa mara nyingi) ya zamani iliyokaa miaka bila kuguswa usiilazimishe kwa spana ndefu, shina lake linakatika. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, hadi ilegee. Na siku ukiifungua yote, irudishe robo mzunguko ili isikwame tena.

Sasa fungua koki ya sinki, fungua na milango ya kabati. Chukua drayi ya nywele, simama pakavu, anzia upande wa koki ukirudi nyuma kuelekea penye barafu. Ukianzia katikati, maji moto na mvuke vinanaswa kati ya vizibo viwili na unatengeneza presha ileile uliyokuwa unaikimbia. Huna drayi? Taulo lililolowekwa maji ya moto na kuzungushiwa bomba linafanya kazi, ila libadilishe kila linapopoa. Mara nyingi itakuchukua nusu saa hadi saa nzima. Utasikia koki ikikohoa, itoe matone, halafu uzi mwembamba wa maji. Endelea kupasha hadi nguvu irudi kamili. Moto wazi usitumie kabisa, iwe tochi ya gesi au karatasi iliyowashwa. Maungio ya bomba la shaba yanaachia, plastiki inalainika, na mbao zilizo nyuma ya ukuta zinaweza kushika moto polepole bila wewe kuona.

Likishafunguka, lilinde. Kwa bomba lililo chini ya sakafu, darini au gereji, hatari huanza nje ikifika kama nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Livishe sponji la bomba, lile lenye umbo la mrija uliochanwa ubavuni. Unene wa milimita 13 unatosha ndani ya kabati. Sehemu isiyo na joto weka 19 au zaidi. Tundu la sponji lilingane na unene wa nje wa bomba, la milimita 15 kwa bomba la 15, la 22 kwa la 22. Likilegea, hewa baridi inapita katikati. Kwenye elbo (kiungo cha kona) kata ncha zote mbili kwa pembe ya nyuzi 45 zikutane vizuri, kisha funga tepu kila ungio. Sentimita tano zilizoachwa wazi kwenye kona ndizo zitakazoganda.

Hata hivyo sponji halitengenezi joto, linalichelewesha tu kutoka. Bomba lililo mahali pasipo na joto kabisa kwa siku tatu litaganda hata ukilivisha koti. Hapo unahitaji joto lenyewe: milango ya kabati ibaki wazi usiku, thamostati (kidhibiti cha joto la nyumba) isishuke chini ya nyuzi 13 hata ukisafiri, au utumie waya wa kupashia bomba wenye thamostati yake. Waya huo ufuate maelekezo yaliyokuja nao, usiupishanishe juu yake wenyewe kama haukuruhusiwa hivyo, na uchomeke kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme unapovuja. Halafu pitisha mkono pale bomba linapoingia ukutani. Ukihisi kaupepo, hapo ndipo penye mchawi. Tundu la ukubwa wa kidole linalopuliza hewa ya nje moja kwa moja juu ya bomba hugandisha haraka kuliko baridi ya chumba kizima. Lizibe kwa foamu ya kopo au silikoni. Silikoni nyingi hazishiki vizuri chini ya nyuzi 5, kwa hiyo kazi ya nje ifanywe kabla baridi haijakomaa.

Koki ya nje ya bustani husahaulika. Chomoa mpira wa maji, funga valvu yake iliyo ndani, kisha ifungue ile ya nje imwage yaliyobaki na uiache wazi. Hata zile koki za shina refu zinazosifiwa kwamba hazigandi hupasuka ukiacha mpira umefungwa, kwa kuwa mpira unazuia maji kutoka kwenye shina.

Madoa meusi ya kona. Hiyo ni kuvu, na kwenye kona ya ukuta wa nje nyuma ya kabati chanzo mara nyingi ni mvuke wa ndani. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60 inaanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani joto la chumba halifiki, kwa hiyo nyuzi 12 zinapatikana kirahisi. Hewa hiyohiyo ikiwa na unyevu wa asilimia 40, umande unangoja hadi nyuzi 6. Tena kuvu haihitaji matone: unyevu wa asilimia 80 pale kwenye uso wa ukuta, ukidumu, unaitosha. Ndiyo maana watu hugusa ukuta, wakaukuta mkavu, wakashangaa weusi umetoka wapi.

Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke chumba hicho. Lenga asilimia 40 hadi 50. Sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani na uache nafasi chini yake hewa ipite. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, wazi kabisa, dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Dirisha moja lililoachwa upenyo kutwa nzima linapoza ukuta ulio pembeni yake bila kubadilisha hewa ya chumba, nami naliona kuwa chanzo cha kuvu kuliko tiba. Nguo zilizofuliwa ni kisa kingine: mzigo mmoja wa mashine unaweza kutoa lita 2 za maji hewani unapokauka. Kama lazima uanike ndani, anika bafuni, mlango umefungwa, feni ya kutolea hewa ikizunguka. Feni yenyewe ipime kwa karatasi moja ya chooni: iweke kwenye uso wake, isipoing'ang'ania, mfereji umejaa vumbi au feni imechoka. Ukimaliza kuoga iache iendelee dakika 15 hadi 20.

Kusafisha: vaa glavu na barakoa ya FFP2 (ile inayochuja chembe ndogo), usisugue kavukavu maana unapeperusha mbegu zake chumba kizima. Ukuta wa plasta ufute kwa spiriti ya asilimia 70 hadi 80, dirisha wazi, pasipo moto wala sigara karibu. Vigae vinaweza kufutwa kwa dawa ya klorini, lakini usiichanganye na siki, amonia wala dawa ya choo, hewa inayotoka hapo inachoma mapafu. Karatasi ya ukutani iliyoshika kuvu ing'oe, haifutiki. Eneo likizidi kama mita moja ya mraba, au doa likirudi hata unyevu ukiwa asilimia 45, tafuta fundi aangalie kama kuna maji yanayopenya kutoka nje. Na usipake rangi juu ya kuvu hai, miezi miwili tu itatokeza.

Radieta yenye joto chini na baridi juu imeingiwa upepo. Zima mfumo, ngoja upoe, anza na radieta za ghorofa ya chini. Weka kitambaa na kikombe chini ya skrubu ya juu pembeni, zungusha ufunguo wa radieta kinyume cha saa robo hadi nusu mzunguko, usiichomoe yote. Itazomea sss, halafu izomee kwa matone, halafu itoke mstari wa maji yasiyokatika. Hapo funga. Maji yakiwa meusi usishtuke, ni kutu ya ndani, ila yatachafua zulia. Ukimaliza, angalia geji ya boila (mtambo unaopasha maji ya radieta): mfumo ukiwa baridi isome presha ya bar 1 hadi 1.5, na ikiwa chini jaza kupitia valvu ya kujazia kisha ifunge vizuri. Kama unajaza kila wiki, kuna mahali panavuja. Usiridhike na kujaza, maana kila maji mapya yanaleta oksijeni na kutu zaidi. Ukiishi kwenye jengo lenye boila moja la wote, mjulishe msimamizi kwanza.

Dalili ikiwa kinyume, joto juu na baridi chini katikati, hayo ni matope ya kutu. Kutoa upepo hakutasaidia, radieta inahitaji kuoshwa. Na ikiwa baridi yote wakati nyingine zinawaka, fungua kichwa cha valvu ya thamostati uone kipini kilicho chini yake. Kinatakiwa kuzama ukikibonyeza na kurudi chenyewe. Kimekwama? Kigongegonge taratibu, kibonyeze mara kadhaa. Usikivute kwa koleo, kikichomoka maji yatakurukia.

Boila la kisasa likizimika asubuhi ya baridi huku likiguruma kama mtu anayesukutua, tazama bomba dogo la plastiki linalotoa maji yake nje. Limeganda. Limwagie maji ya uvuguvugu, yasiyochemka, kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Dawa ya kudumu ni sehemu ya nje kuwa na bomba la milimita 32, lifupi, lenye mteremko wa milimita 45 kwa kila mita, na livishwe sponji lisiloharibiwa na mvua.

Paa. Ukiona ukuta wa barafu umejipanga ukingoni na vijiti virefu vinaning'inia, joto la nyumba linavuja darini. Linayeyusha theluji ya juu, maji yanateremka hadi ukingoni ambako hakuna joto, yanaganda, na yanayofuata yanarudi nyuma chini ya vigae. Usipande na shoka. Kwa dharura, vuta theluji ya mita moja ya chini kwa reki ya mpini mrefu ukiwa umesimama ardhini, mbali na nyaya za umeme. Au jaza soksi ndefu kloridi ya kalsiamu, uilaze kukatiza ule ukuta ifungue njia ya maji. Chumvi ya kawaida inakula chuma na kuua mimea. Dari ikishatuna maji, zima umeme wa chumba hicho, weka ndoo, toboa katikati ya uvimbe kwa bisibisi. Tundu dogo ulilochagua wewe ni afadhali kuliko bodi nzima kuanguka. Tiba ya kweli ni kuziba kwanza matundu ya dari: mlango wa kupandia, pembeni ya bomba, penye taa. Kuongeza sufi ya kuzuia joto kunakuja baada ya hapo.

La mwisho, na hili nawaomba sana. Usilete jiko la mkaa ndani kujipasha, hata mkaa ukiwa umeiva na hauna moshi. Usiwashe oveni ya gesi ukaiacha wazi kupasha chumba. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja, na nafuu mnapotoka nje, ndiyo dalili: tokeni wote, pigeni simu ya dharura mkiwa nje. Weka king'ora chake kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, kijaribu kila mwezi, na usome nyuma yake tarehe ya kukibadilisha. Theluji ikishaanguka, toka uone kama imefunika tundu la kutolea moshi wa boila. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirishani. Na lile tundu la hewa lililowekwa makusudi kwa ajili ya kifaa cha gesi, usilizibe ukidhani unazuia baridi.

Bomba likishayeyuka, tuandikie hapa ni la shaba au plastiki, linapita wapi kabla ya kufika kwenye sinki, na geji ya boila inasoma ngapi mfumo ukiwa baridi, tukuambie uvishe sponji la ukubwa gani.