Bao langu halijawahi kunilipia kodi

Haupiti mwezi bila kijana kunitumia ujumbe: "Bro, nataka kujifunza kutengeneza gemu, nipige hela." Zamani nilikuwa namwambia anitajie gemu tatu za hapa Bongo alizowahi kuzilipia kwa pesa yake mwenyewe. Lilikuwa swali la kukomoa tu, na wengi hawakurudi. Siku hizi nauliza kitu kingine: kodi ya chumba unalipa mwenyewe au bado uko kwa wazazi? Atakachojibu hapo ndicho kinachoamua nimwambie nini.

Mimi nalipa mwenyewe, Temeke, miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wanavyotaka. Hela hiyo inatoka kwenye mifumo ya kompyuta ninayowatengenezea watu: ada za shule, hesabu za vikoba, stoo za maduka ya vipuri Kariakoo. Usiku, mtoto akishalala, natengeneza gemu ya bao. Bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32, kete 64, nyumba (shimo kuu la kila mchezaji), namua (hatua ya kuingiza kete) na mtaji (hatua ya pili, zote zikishaingia), si yale mabao ya safu mbili yaliyojaa kwenye simu. Nililianza 2019 na mpaka leo sijaona hela yake mkononi. Mke wangu huliita "mke mdogo", nami sijambishia.

(Sisi wa fani hii tukikaa wenyewe tunasema "kuandika kodi", yaani kuandika programu. Ya mwenye nyumba nayo ni kodi, ya TRA nayo ni kodi. Katika hizo tatu ni moja tu unayoweza kukesha nayo ukiwa na raha.)

Kazi ya pesa nilijifunza kwa kuumia. Shule moja binafsi iliniita niwatengenezee mfumo wa ada. Tukakubaliana milioni moja na laki nane, miezi miwili, kwa mdomo, mbele ya soda mbili za baridi. Kichwani nilikuwa na picha safi: orodha ya wanafunzi, orodha ya malipo, ripoti, basi. Nilipofika nikakuta daftari. Mtoto mmoja ameandikwa majina matatu: Mwanahamisi darasani, Mwanaamisi kwenye risiti, M. Hamisi benki. Ada imelipwa kwa simu na mjomba aliyeko Mbeya, ujumbe wa uthibitisho umeingia na jina la mjomba, na dada wa uhasibu amekaa anabahatisha huyu ni mjomba wa nani. Tulikaa naye siku kwa siku, kalamu mkononi, tunaulizana. Dawa yenyewe ilikuja kuwa nyepesi: kila mtoto apewe namba yake ya malipo, anayelipa aiandike hiyo namba, na jina lake lisihusike na chochote. Kuiandika ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Kutambua kwamba hicho ndicho wanachokihitaji kulinichukua wiki tano.

Kisha zikaanza "kidogo tu". Kidogo tu, tuongezee basi la shule. Kidogo tu, sare. Kidogo tu, wazazi wapate matokeo kwa SMS. Miezi miwili ikawa saba, na fungu la mwisho la malipo sijaliona hadi leo. Nilinuna mwaka mzima. Sasa nakiri kwamba nusu ya kosa ni langu, maana hapakuwa na karatasi. Tangu siku hizo naandika ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida unaosema kilichomo na kisichomo, hasa kisichomo, tunatia saini, halafu napokea nusu kabla sijafungua kompyuta. Kila "kidogo tu" ina bei yake, hata ikiwa elfu ishirini, ili mteja ajiulize mara mbili. Na SMS anunue mwenyewe. Usipoliandika hilo la SMS litakutafuna kila mwezi.

Utaona sijataja ni lugha gani ya programu ujifunze kwa kazi hizi. Anayelipa hajawahi kuniuliza.

Gemu ya kwako ni dunia nyingine. Hakuna wa kukuharakisha, na hilo ndilo tamu lake na ndiyo sumu yake. Kwenye bao, kwa mfano, kanuni ya kula ukiisikia ni ya mstari mmoja: kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani mkabala nalo lina kete, unazibeba zake na kuanza kuzipanda upande wako kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Kichwa kipi? Ukila kwenye kichwa au kimbi (shimo linalopakana na kichwa) huna hiari, unaanzia upande huohuo. Kwingine kunategemea uko namua au mtaji, na ulikuwa unaelekea wapi. Halafu kete ya mwisho ikiingia nyumbani kwako, utalala, yaani uishie hapo, au utasafiri, yaani uzibebe uendelee? Hapo programu inabidi isimame imuulize mchezaji, katikati ya zamu ambayo tayari imeshasogeza nusu ya mashimo. Nimeandika upya sehemu hiyo mara nne.

Usiku mmoja kompyuta ikaganda. Nilikuwa nimeiachia icheze peke yake dhidi ya nafsi yake, na kete zikawa zinazunguka hazikomi. Nikatafuta bagi, yaani kosa kwenye programu, usiku nne mfululizo, nikihesabu kwa komwe halisi mezani, shimo kwa shimo. Bagi haikuwepo. Kumbe bao lina mipangilio ambayo zamu moja inaweza kuzunguka bila kufika mwisho, na wataalamu wa kompyuta walishaiandikia. Hakuna mteja duniani atakayelipia usiku nne za kugundua kwamba programu haikukosea. Mimi sizirudishi hata kwa hela.

Ila usinielewe vibaya ukadhani nilikuwa na busara hii tangu mwanzo. Mwaka 2021 nilikosa kazi miezi mitatu, tamaa ikaniingia, nikaweka matangazo kwenye bao. Kila baada ya mchezo, tangazo. Miezi minane nikakusanya dola 11 na senti, na mtandao wa matangazo niliotumia hautoi malipo mpaka zifike 100. Kibaya zaidi, mzee mmoja wa kijiweni kwetu, ambaye ndiye mchezaji wangu wa kwanza na mkali kuliko wote, aliponiona alinirudishia simu. "Mwanangu, nimekula mbili, nimefungwa, halafu naambiwa nikakope." Lilikuwa tangazo la mikopo ya simu, na kidole chake kizito kilikuwa kimeshalibonyeza. Matangazo nikayang'oa usiku uleule.

Kosa la pili lilikuwa la heshima zaidi, na ndilo nalokuonya nalo hasa. Kampuni moja ilinitaka niwatengenezee gemu ya promosheni: gurudumu linazunguka, nembo yao katikati, unashinda vocha. Wiki tatu, malipo mazuri, yalifika kwa wakati. Nikajiambia hatimaye nalipwa kwa kutengeneza gemu. Lakini gurudumu lile lilikuwa mfumo wa ada uliovaa rangi. "Kidogo tu" zilezile, mikutano ileile, nembo isogee kulia kidogo, irudi kushoto. Nilipomaliza sikuligusa bao miezi tisa. Nikiwasha kompyuta usiku mwili unaniambia uko kazini. Kwa hiyo mteja anayetaka gemu ni mteja. Mtoze bei ya mfumo, mpe karatasi ya mfumo, na usimchanganye na ile ya kwako.

Nikisema hivyo watu hunitajia Eric Barone, Mmarekani aliyetengeneza gemu ya Stardew Valley. Ni kweli, alikaa peke yake miaka minne na nusu, mwaka 2016 akaitoa, akawa tajiri. Wanachoruka ni kwamba katika miaka hiyo mpenzi wake alikuwa anafanya kazi na kulipa gharama za maisha, na yeye mwenyewe akawa anaelekeza watu viti katika ukumbi wa maonyesho Seattle kwa saa chache. Ukiniuliza mimi, sehemu hiyo ndiyo yenye ushauri. Yuko pia Dong Nguyen wa Hanoi, aliyeitoa gemu ya simu ya Flappy Bird 2013. Iliripotiwa kwamba matangazo yalikuwa yakimwingizia dola 50,000 kwa siku, na Februari 2014 akaiondoa madukani kwa mkono wake, akisema imeharibu maisha yake ya kawaida. Mpangaji mwenzangu nilipomsimulia aliniambia huyo ana mapepo. Mimi nilimwelewa.

Kuchanganya pesa kunaua raha, lakini ujuzi wenyewe unavuka ukuta, tena bila kubisha hodi. Bao ndilo lililonifundisha kutofuta. Mchezaji akitaka kurudisha kete nyuma, huwezi kukumbuka mashimo 20 yaliyobadilika. Ni rahisi kutunza orodha ya hatua zote tangu mwanzo na kuicheza upya hadi hatua moja kabla. Miezi michache baadaye nikapewa kikoba ambacho mhazini wao alikuwa akikosea anafuta, na kila Jumamosi ni ugomvi. Nikawatengenezea daftari lisilofutika: ukikosea unaandika ingizo jingine la kulirekebisha, na lile la kwanza linabaki pale na tarehe yake. Wahasibu wamefanya hivyo tangu zamani, najua. Mimi nilifundishwa na kete. Kikoba kile kimeniletea vikoba vingine sita.

Sasa wewe uliyetuma ujumbe. Kama bado uko kwa wazazi na kodi haikuhusu, tengeneza gemu, na tengeneza ndogo, ya kuisha Jumamosi na Jumapili. Drafti, mbio za daladala, chochote. Tumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure kabisa, haikudai asilimia ya mapato yako, na kuipakua hakumalizi bando. Mimi nilianza na Unity, programu nyingine ya aina hiyo, nikahama 2023 walipotangaza kutoza kwa kila gemu inayosakinishwa. Mwaka uliofuata waliifuta tozo hiyo, lakini nilishazoea nyumba mpya. Ikiwa tayari, ipandishe itch.io, tovuti ya gemu, bila kulipa kitu. Google Play watataka dola 25, mara moja tu, na akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza upate watu 12 wa kuijaribu siku 14 mfululizo, kwa hiyo jenga urafiki na vijiwe mapema. Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, usiende huko na ya kwanza. Ijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote mtaani, yenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa video za harusi. Ikitembea humo itatembea popote.

Kama kodi ni yako, tafuta kwanza mteja mmoja mwenye daftari linalomuumiza kichwa. Gemu ipe usiku wako, mbili kwa wiki zatosha, na zilinde kama unavyolinda mechi ya Simba na Yanga. Usimwahidi mtu tarehe. Usiache kazi kwa sababu watu 300 wameipakua.

Nimalizie la yule mzee, maana bado tunadaiana. Baada ya kung'oa matangazo nilimpelekea toleo jipya. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa nalo nusu saa, akainamia kioo kama anasoma kikaratasi cha dawa. "Bao lako sasa linakula sawasawa. Lakini halisemi." Halisemi vipi, mzee? "Mimi safu ya nyuma ya adui siitazami, naisikiliza. Shimo lenye kete nyingi lina sauti yake." Nikaazima bao lake la mninga na komwe zake. Saa tisa usiku, bajaji zimelala, nikaizungushia simu kanga ya mke wangu na kurekodi: kete kwenye shimo tupu, kete juu ya kete mbili, juu ya tano, juu ya kumi. Mpaka alfajiri nilikuwa na sauti 40, na mke amesimama mlangoni ananitazama bila kusema neno. Sasa bao linasema. Mzee anacheza simu ikiwa sikioni, anaishusha kubonyeza tu.

Juzi, kwa utani, nilimuuliza angelilipia elfu moja. Akaishusha simu, akanitazama kwa huruma ya kweli. "Nikulipe wewe," akasema, "ili mimi nicheze bao?" Kisha akairudisha sikioni, maana ilikuwa zamu yake.