Nikirudi Uholanzi, Mke Wangu Ataingia kwa Sheria Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni raia wa Uholanzi, na mke wangu ni raia wa nchi isiyo mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Tumeishi Antwerp, Ubelgiji, kwa miezi 14. Mimi nimeajiriwa huko, naye amepewa kadi ya ukaazi kama mwenzi wa raia wa Umoja. Sasa tunataka kuhamia Rotterdam, lakini jamaa wanatuambia kwamba lazima kwanza afanye mtihani wa Kiholanzi na mimi nithibitishe kiwango cha kipato changu. Je, ndivyo?

JIBU: Masharti hayo yapo, ila yanamhusu Mholanzi anayemleta mwenzi wake kutoka nje bila yeye mwenyewe kuwahi kuutumia uhuru wa kuishi katika nchi nyingine ya Umoja. Wewe umeutumia, kwa hiyo ombi lenu lisimame juu ya sheria ya Ulaya, na mliandike hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza, maana fomu ya njia ya kawaida itawarudisha kwenye mtihani uleule.

Msingi wake ni kesi ya Surinder Singh, raia wa India aliyefanya kazi Ujerumani pamoja na mkewe Mwingereza kabla ya kurudi Uingereza. Tarehe 7 Julai 1992, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba mtu angesita kutoka kwao kwenda kufanya kazi ugenini iwapo angejua kuwa siku ya kurudi mwenzi wake atawekewa masharti mazito kuliko yale aliyowekewa kule walikotoka. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki kabisa, kwa sababu hakuna anayepaswa kuchagua kati ya nchi yake na ndoa yake.

Jambo litakalochunguzwa sana ni ukweli wa maisha yenu Ubelgiji. Katika kesi ya O. na B., iliyoamuliwa tarehe 12 Machi 2014, Mahakama ilisema kwamba ukaazi huo lazima uwe wa kweli, uzidi miezi mitatu, na uwe ndio uliojenga au kuimarisha maisha ya familia. Wikiendi na likizo, hata zikijumlishwa, hazitoshi. Miezi yenu 14 inatosha, lakini lazima ithibitishwe, kwa hiyo kusanyeni mapema mkataba wa nyumba, hati za mshahara, uthibitisho wa kuandikishwa kwenu nyote wawili katika anwani moja, bima ya afya, na bila shaka cheti cha ndoa na ile kadi yake. Msiirudishe kadi hiyo kabla ya kubaki na nakala yake.

Pengine mtaambiwa kwamba mlihamia Ubelgiji ili kuukwepa mtihani. Msitishike. Katika kesi ya Akrich, mwaka 2003, Mahakama ilieleza kwamba sababu iliyomfanya mtu aende kufanya kazi nchi nyingine haimpunguzii haki yake, mradi kazi ni ya kweli na ndoa si ya kuigiza. Na ukirudi bila ajira, haki ya mkeo haifutiki kwa sababu hiyo, kama ilivyoamuliwa katika kesi ya Eind mwaka 2007.

Fungeni safari pamoja, au mfuatane kwa muda mfupi, kisha muwasilishe ombi bila kuchelewa. Kwa mujibu wa Agizo la 2004/38, mwombaji hupewa papo hapo hati ya kuonyesha kwamba ameomba, na kadi yenyewe hutolewa ndani ya miezi sita. Mkikataliwa, dai sababu kwa maandishi, kwa sababu rufaa yenu itajengwa juu ya sababu hizo.

SWALI: Mimi ni Mwingereza na nina mpango wa kuhamia Ireland na mume wangu, kisha turudi London kwa njia hiyo. Je, inawezekana?

JIBU: Kwa masikitiko, hapana. Kwa raia wa Uingereza, uhuru huo ulikoma tarehe 31 Desemba 2020, na ukaazi unaoanza sasa nchini Ireland hauwezi kuurejesha. Mume wako ataomba viza ya mwenzi chini ya sheria za uhamiaji za Uingereza zenyewe.