Kwa wadogo zetu mnaoingia fomu faivu: msijifiche

Wadogo zangu mnaoripoti Julai na matranka yenu, sisi ndo tumemaliza, mahafali yamepita, Neka, mtihani wa mwisho wa taifa, tumeshaifanya Mei, na kabla sijaondoka kabisa kwenye hii habari ya advance, yaani fomu faivu na siksi, nataka niwaambie kitu kimoja ambacho mi kilinichelewesha sana.

Wengi mnakuja mkiwa na divisheni wan ya fomu foo. Mi nilikuja hivohivo, kombi PCB (fizikia, kemia na baiolojia), fizikia nilikuwa na A. Testi ya kwanza nikapata 28. Fomu foo A inaanzia 75, huku inaanzia 80, na chini ya 35 ni F, kwa hiyo ile yangu ilikuwa F kabisa, tena mbali. Nikaikunja ile karatasi nikaizamisha chini ya tranka, chini ya shuka, nikaanza kujifanya naelewa. Mwalimu akiuliza tumeelewa naitikia na wenzangu. Prepo, ule muda wa kujisomea, nafungua daftari nakaa nalo tu, kumuuliza mtu naona aibu maana yeye atajua sijui. Kumbe, nimekuja kujua tunakaribia kumaliza tunapiga stori bwenini, karibu bweni zima kila mtu alikuwa na karatasi kaificha! Tulilala kitanda cha juu na cha chini muhula mzima kila mtu analia kivyake.

Kilichoniumbua ni praktiko ya kemia. Tulikuwa sita kwenye byureti moja, ile bomba ya kioo yenye koki ya kudondoshea asidi, na mi nilijichagulia kazi ya kuandika ridingi, kila wiki naandika, mkono wangu haujawahi kushika ile koki. Kwenye daftari taitresheni zangu zote, yaani kudondosha asidi mpaka rangi igeuke, nzuri, ila si zangu. Ikaja moko, mtihani wa majaribio kabla ya Neka, kila mtu na byureti yake. Nikafungua asidi ikamwagika tu, ile njano ya methyl orange, dawa ya kuonyesha rangi, ikaruka rangi ya chungwa yote, pale pa kusimamia, ikaenda nyekundu moja kwa moja, nikarudia, ikapita tena, mikono inatetemeka, muda unaenda. Nilitoka mle nalia waziwazi, na siku hiyo ndo nikamwambia rafiki yangu wa kitanda cha chini kwamba mi sijui kutaitreti. Hakunicheka. Jumamosi akaenda kumuomba mtu wa maabara atufungulie, tukarudia na rafiki yangu mpaka ninajua kufunga koki tone kwa tone, na Neka ilipokuja nilikuwa nimetulia.

Sasa nyie msisubiri moko. Wiki ya kwanza tu kwenye grupu mwambie mwenzio leo nashika byureti mimi, andika wewe. Testi ya kwanza ukifeli (wengi mtafeli, topiki huku ni ndefu na mwalimu anakimbia) ipeleke ile karatasi ofisini siku hiyohiyo, muulize swali mojamoja. Na diskasheni usiende kusikiliza, nenda na swali ulilokwama, au simama ubaoni ufundishe hata kama utakosea, mi fizikia yangu ilianza kukaa sawa nilipoanza kuwafundisha wenzangu projectile, ile ya kitu kilichorushwa hewani, nikawa nakosea wananirekebisha.

Kuhusu kombi, kama uliichagua kwa ajili ya mjomba na moyo haupo, ongea na mwalimu wa taaluma mwezi uleule unaoripoti, wenzetu waliosubiri mpaka Novemba walikuta topiki kibao zimepita. Maana hii miaka miwili si miwili, kutoka Julai mpaka Mei ni miezi kama 22, toa likizo, toa wiki za moko, toa na siku za kuumwa. Kwetu sisi BAM (hesabu ya ziada) na GS (maarifa ya jumla) hazikuingia kwenye pointi lakini ziliandikwa kwenye cheti, masomo ya aina hiyo msiyatupe.

Madaftari yangu ya kemia na pasipepa zote nilizosolvu nimemwachia yule dogo aliyerithi kitanda changu, dirishani upande wa bwalo. Ile karatasi ya 28 nimeiweka juu kabisa, muombeni awaonyeshe.