Ndiyo, wapo wasiotaka tuwaguse

Hamisi, mdogo wangu, ile sauti uliyoituma juzi usiku kwenye kundi la familia nimeisikiliza mara mbili. Umeuliza kama ni kweli huku Uingereza mgonjwa anaweza kumtazama muuguzi, akaona ni mweusi, akasema huyu simtaki, na kama ni kweli hospitali inafanyaje. Mama Mkubwa akakuwahi: wazungu ni watu wa ustaarabu, hayo ni maneno ya mitandaoni. Sikutaka kumbishia mbele ya wajukuu zake. Lakini wewe mwakani unamaliza stashahada yako ya uuguzi na una mpango wa kuja, kwa hiyo wewe nakujibu pembeni, kwa kirefu.

Ni kweli. Kwangu imetokea mara saba katika miaka sita ya uuguzi huku. Hizo ni zile za waziwazi tu, mtu anafungua mdomo na kusema. Wa kuvuta mkono, wa kununa, wa kusubiri mwenzangu mzungu apite ndipo aombe maji wakati mimi nimesimama palepale na jagi, hao siwahesabu, ningekesha.

Nikusimulie ya kwanza. Wodi ya mifupa, zamu ya usiku, kitanda cha dirishani. Mzee wa miaka sabini na kitu, kavunjika nyonga, kafanyiwa upasuaji siku moja kabla. Saa nne usiku anatakiwa apate antibiotiki ya mshipani. Nimenawa, nimevaa aproni na glavu, nimesoma bangili yake, namwomba anitajie jina na tarehe ya kuzaliwa kama utaratibu unavyotaka. Hakutaja. Akasema, "Niletee nesi wa kweli, tafadhali." Nikadhani lafudhi yangu imemshinda. Nikajitambulisha upya, polepole, nikamwonyesha na kitambulisho. Akasema, "Nimekusikia. Nataka mmoja wa kwetu." Sauti hakuipandisha. Alisema kama mtu anayerudisha chai kwa sababu imetiwa sukari.

Nikaenda kwa inchaji wa zamu, yaani muuguzi kiongozi wa usiku ule. Mama mwema kwelikweli, ndiye aliyenipa koti lake mwaka ule baridi iliponikuta na sweta la mtumba. Akanishika bega, akasema, "Usijali, huyo nitamhudumia mimi, wewe chukua kitanda namba tisa." Akaenda ubaoni, akafuta jina langu kwa kidole, akaandika lake. Kisha akaniletea chai.

Yule mzee nilimsahau kabla ya alfajiri. Kile kidole ndicho kilichonikaa kooni. Mzee aliomba kitu, akapewa chini ya dakika tano, na aliyempa ni mtu anayenipenda. Kwenye kukabidhiana zamu halikutajwa neno. Kesho yake nikakuta sikupangwa upande ule wa wodi, na dada Mfilipino tuliyekuwa naye hakupangwa pia. Aliyepangwa ni binti wa Kiingereza aliyeanza kazi wiki tatu nyuma, maskini, kila dripu inabidi atuite tumwelekeze tukiwa mlangoni, kama watu wanaochungulia harusi ambayo hawakualikwa.

Sasa sheria yao. Mtu mzima mwenye akili timamu anaruhusiwa kukataa matibabu, hata kwa sababu ya kipuuzi, hata akifa kwa kukataa. Hilo hakuna anayemgusa. Lakini hakuna sheria inayoilazimisha hospitali kumtafutia muuguzi wa rangi anayoipenda. Na tangu Aprili 2020, hospitali za umma, yaani NHS, zilipewa ruhusa ya kumnyima huduma isiyo ya dharura mgonjwa anayewabagua au kuwadhalilisha wafanyakazi kwa maneno. Kabla ya hapo ruhusa hiyo ilihusu wenye vurugu na fujo. Kwenye karatasi limekaa vizuri. Kwa macho yangu sijawahi kuona mgonjwa aliyenyimwa chochote.

Zuhura wa Texas naye akatupia kundini kisa cha Marekani, ukacheka ukidhani ni filamu. Si filamu. Mwaka 2012, kwenye hospitali moja ya mji wa Flint, Michigan, baba wa mtoto mchanga alipandisha mkono wa shati, akamwonyesha msimamizi mchoro uliosemekana kuwa wa swastika, ile nembo ya Wanazi, akaagiza mwanawe asiguswe na muuguzi mweusi. Agizo likaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mahali pa kupangia kazi. Muuguzi aliyeondolewa alikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini pale. Akashtaki Januari 2013, na mwezi uliofuata wakamalizana naye kwa fedha.

Kuna na kisa cha Indiana, hicho hunijia hata nikiwa naosha vyombo. Kituo cha kutunzia wazee kilikuwa kikimpa mhudumu wake mweusi karatasi ya kazi kila siku, na kwenye jina la bibi mmoja mkazi wa pale imeandikwa kwamba hapendi wahudumu weusi. Siku moja mhudumu akamkuta bibi huyo yuko sakafuni, hana nguvu za kuinuka. Alichofanya ni kuzunguka jengo kutafuta mzungu wa kumwinua. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago ikasema Julai 2010 kwamba kugawa kazi namna hiyo kunavunja sheria ya haki za kiraia ya 1964, na kwamba matakwa ya mkazi hayawi kinga ya mwajiri. Sawa, alishinda hoja. Ila mimi nafikiria zile dakika. Wewe ni muuguzi, mtu yuko chini, mikono unayo miwili mizima, na kilichokufunga ni karatasi.

Usidhani mainchaji wote ni wa kufuta ubao. Mara ya nne ilinikuta kwa mwanamume wa makamo, fundi bomba, goti limeingia usaha. Naye hanitaki, na yeye alitumia neno lile lenyewe, sitaliandika, wajukuu wanashika simu yako. Usiku huo inchaji alikuwa mama wa Kiairishi, mfupi, ana miguu inayovimba kama ya bibi yetu wa Muheza. Akaja hadi kitandani, akavuta kiti cha wageni, akakaa. Akamwambia: "Huyu ndiye muuguzi wako mpaka asubuhi. Ukiikataa dawa ni haki yako, nitaandika umekataa, na sababu nitaiandika kwa maneno yako mwenyewe. Wa kubadilishana naye sina." Akainuka, akaenda zake.

Na alikuwa nao, Hamisi! Wazungu wawili walikuwa pale kaunta wanakula biskuti.

Saa saba usiku kengele yake ikalia. Nikaenda. Akanyoosha mkono bila neno na uso akaugeuzia ukutani. Nikasafisha kanula, kile kimrija cha mshipani, nikaunganisha dawa, nikaandika muda. Alilala wodini siku tisa nyingine, hakuniomba radhi hata siku moja, na sikumsubiria. Dawa iliingia, goti likapona, akaondoka na magongo yake.

Hao usiwachanganye na waliopotewa na akili kwa uzee. Nilikuwa na bibi wa miaka tisini na moja, asubuhi akiniona anapiga yowe kama kaona chui, anakung'uta mkono nilioushika. Mchana huohuo ananisugua ngozi kwa kidole gumba, anatazama kidole kama kimepata rangi, kisha ananiomba nimchane nywele. Jioni yowe upya. Mtoto wake analia kwa aibu, anataka kunieleza kwamba mama hakuwa hivi. Nikamwambia akae tu. Huyo unamrudia mara tatu, mara nne, unambadilishia mtu kama amepaniki, wala hakuna jina linalofutwa. Miongoni mwa wale saba sijamweka.

Aliyenishangaza kuliko wote alikuwa mweusi kuliko mimi. Mama wa Bukavu, anaishi kwa binti yake hapa mjini, kaletwa kwa shinikizo la damu. Nikamsalimia Shikamoo, akafurahi mpaka akapiga makofi, tukaongea Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Tanga, kila mmoja anacheka cha mwenzie. Nikaandaa sindano ya kutoa damu. Akanishika mkono kwa upole kabisa, akaninong'oneza: "Mwana yangu, uniitie muzungu, yeye njo anajua."

Nikamwita. Ndiyo, nilimwita! Yule inchaji wa Kiairishi hakuwepo, na mimi mwenyewe nikafanya kilekile nilichofanyiwa, kwa mkono wangu. Mzungu mwenyewe alikuwa mwanafunzi aliyehitimu juzi. Alimchoma mara tatu ndipo akapata mshipa.

Kabla hujamcheka, kumbuka babu alipougua macho. Ukoo mzima ulisema apelekwe kwa daktari Mhindi, na hakuna aliyeuliza Mhindi huyo kasomea macho au meno. Nilipokuwa hospitali ya wilaya huko nyumbani alikuja binti wa Kizungu wa kujitolea, mwaka wa pili chuoni, hana ruhusa ya kuchoma sindano hata kwao. Foleni ilikuwa kwake. Sisi wenye leseni tumekaa tunapepea nzi, kina mama wanasema "tunamsubiri daktari." Wazee waliokataa kuogeshwa na wasichana siwahesabu, ile ni stara na hata huku inaheshimiwa: mwanamke anaweza kuomba mkunga mwanamke, na ikiwezekana anapewa. Rangi ni jambo jingine, na hata sisi tunalo.

Utaniuliza kwa nini watu hawasemi. Viza. Kibali chako cha kukaa huku kimefungwa kwa mwajiri, na kazi ikikatika kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwajiri mwingine au ufungashe. Mtu mwenye deni la nauli haanzishi ugomvi wodini. Wanaoteseka zaidi ni wahudumu wa majumbani, wale wanaogonga mlango wa mzee peke yao saa moja asubuhi, mlango unafunguliwa kidogo, unafungwa. Hakuna inchaji wa kukaa kwenye kiti pale. Mimi nina wenzangu, nina kaunta, nina mwanga.

Na nje ya hospitali kuna siku mbaya zaidi. Agosti 2024, zilipozuka fujo dhidi ya wahamiaji baada ya watoto kuuawa mji wa Southport, huko mji wa Sunderland wauguzi wawili Wafilipino walirushiwa mawe wakiwa kwenye teksi, wanakwenda kazini kuwahudumia majeruhi. Wiki hiyo sisi tulikuwa tunaondoka zamu kwa makundi, wanne wanne. Mama sikumwambia. Usimwambie.

Sasa la kuja au kutokuja. Njia ya viza ya uhudumu wa wazee kwa anayeomba akiwa nje imefungwa tangu Julai 2025, kwa hiyo anayekuuzia hiyo ni tapeli, mkimbie. Ya uuguzi ipo: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, halafu wa vitendo ukishafika huku, ndipo baraza lao, NMC, linakuandikisha. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba wa wahudumu wa afya, na waajiri wa Uingereza hawatakiwi kuja kuwinda wauguzi huko. Wewe mwenyewe kuomba kazi moja kwa moja unaruhusiwa. Akitokea wakala Dar na fomu na bei, umeshajua.

Ukifika, ikikutokea, andika tukio kwenye mfumo wa hospitali wa kuripoti matukio zamu hiyohiyo kabla hujavua sare, maneno yake kama alivyoyasema, na jina la aliyekubadilisha, hata kama ni mtu mwema, hata kama amekuletea chai. Mimi ile ya kwanza sikuiandika.

Halafu jina lako. Cheti cha kidato cha nne kinasema Hamis, pasipoti inasema Hamisi. Anza na hilo wiki hii, maana litakusumbua miezi mingi kabla hujakutana na mgonjwa wa kukukataa.